Angali Mbichi

Saa tatu na robo asubuhi, chumba namba sita, Temeke.
Feni inazunguka kama inatafuta kitu ilichokiweka mwenyewe.
Shomari, miaka tisa, wa Mtoni Mtongani,
kaketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki sakafuni.
PF3 imekunjwa mara nne, imelowa jasho
la kiganja cha shangazi aliyeikeshea kituoni.

Nikaomba ruhusa kuushika mkono wake.
Akanitazama kama nimekosea lugha.
"Huu sawa," akasema. "Huo wa kwenye kanga, baadaye."

Basi tukaanza na huu.

Sista Bupe kashika rula, mimi kamera.
Mgongoni: michirizi miwili, sambamba kama reli,
katikati ngozi tupu, haina habari.
Urefu, sentimita kumi na moja. Upana, mbili na nusu.
Nyuma ya sikio, pasipofikiwa na anguko lolote,
wekundu umejificha ndani ya weusi. Nikasogeza taa.
Mwalimu wangu alinikataza kusoma umri wa jeraha kwa rangi:
rangi ni shahidi mwongo, alisema,
leo zambarau, kesho kijani, keshokutwa haikumbuki.
Kwa hiyo naandika nilichokiona. Sikuandika Jumanne.

Wameleta maelezo: ameanguka ngazini.
Nyumba yao, kanong'ona shangazi, haina ngazi.
Ina kizingiti.

Fomu inauliza kilichosababisha.
Najaza nilivyofunzwa: kitu butu, kirefu, cha mviringo.
Shomari anasoma, kidole chini ya maneno,
kisha ananisahihisha.
"Si kitu. Ni mpira wa maji.
Ule wa kisimani, tunaouzia.
Ndoo mbili hazikuonekana kwenye hesabu."

Nimenukuu, neno kwa neno.
Mahakama imsikie yeye,
mimi nisikohoe katikati.

Sasa ule mkono mwingine.
"Bado."
Tukasubiri. Sista akampa juisi ya ubuyu.
Nje muuza karanga alipita, akarudi, akapita tena.
"Haya," akasema, na fundo la kanga
akalifungua mwenyewe kwa meno.

Picha ya eksirei naiinua dirishani,
taa ya ukutani imeungua tangu Idi.
Mfupa wa mtoto haukatiki kwa mlio kama ukuni mkavu.
Hupinda. Huchanika upande mmoja,
upande wa pili ukang'ang'ania,
kama tawi la mpera unalolizungusha na haling'oki.
Na mbavuni, kinundu cha mfupa uliokwisha kuunga:
hiki ni cha zamani, kiliunga peke yake,
usiku, bila fomu.

Baba mkubwa yupo koridoni, shati limepigwa pasi.
"Daktari," anasema, na anasema kwa upole,
"samaki mkunje angali mbichi."

Sikumjibu. Askari wa dawati alikuwa anapanda baraza
na maswali ni yake.
Nilirudi ndani nikaitazama tena ile picha,
ule mkunjo mweupe, mwembamba,
methali yote imo,
herufi haijapungua hata moja.

Mwisho ni miguu. Miundi imejaa madoa,
nayapitia upesi: mpira, ukuta wa jirani,
matofali ya nyumba isiyokwisha.
"Na hili la goti? Hujaliandika."
Nikamwambia hili halina kesi.
"Liandike. Nilianguka na baiskeli ya Pazi.
Niliendesha mwenyewe. Hakunishika mtu."

Sista Bupe akaiweka rula kabla sijamwambia.

Goti la kushoto. Kovu. Sentimita mbili.
Chanzo, kwa maelezo ya mgonjwa: baiskeli.
Hakushikwa na mtu.